Barua kwa vijana wa mtaa wetu, Katuba, Lubumbashi

Wanangu na wajukuu zangu,

Jumapili mlipokaa chini ya mwembe, mimi nilikuwa ndani na dirisha lilikuwa wazi. Mmoja wenu akasema maji hayatoshi, kazi hakuna, parseli, yaani viwanja vya kujenga, zimekwisha, na chanzo ni hawa wanaoshuka kwenye treni inayotoka Kasai, eneo jirani. Wengine mkampigia makofi. Usiku ule usingizi ulinikataa.

Mwaka 1992 nilikuwa Likasi. Jirani yangu alikuwa fundi wa kuchonga vyuma, mtu wa Kasai kwa baba yake, ila yeye mwenyewe alizaliwa Likasi. Alikuwa na kipimo chake cha chuma alichokifunga kwenye kitambaa, hata watoto wake hawakuthubutu kukigusa. Watu wa Kasai walipofukuzwa katika eneo letu hili la Katanga, niliisindikiza familia yake mpaka stesheni. Watu walilala pale majuma mengi juu ya mizigo yao wakingoja mabehewa, na wengi walifia palepale, hasa watoto. Mke wake aliniachia mbabula yake, jiko la makaa, kwa sababu haikuenea kwenye mzigo. Nyumba yao ilipata mtu kabla ya siku 3. Nafasi yake ya kazi haikupata mtu.

Katikati ya miaka ya 1980 Katanga ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufika 1993 zilibaki kama 50,000. Sitawadanganya: mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka 1990, mashine hazikutunzwa, na pesa zililiwa. Lakini katikati ya shida hiyo sisi tukawapakia mafundi na walimu kwenye mabehewa. Vijana walioahidiwa kazi zao walikuta karakana imefungwa kufuli.

Na mji wenyewe ni wa nani? Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ikaanza, na waliokuja kufanya kazi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, na Rwanda na Kasai. Mwaka 1928 reli ikaunganishwa mpaka Port-Francqui, Ilebo ya leo, huko Kasai. Baadhi yenu mliopiga makofi, babu zenu walishuka kwenye treni hiyohiyo. Nawajua. Sitawataja.

Mzigo upo, sikatai. Ila hesabuni vizuri unatoka wapi. Watu wa nchi hii huongezeka kwa zaidi ya asilimia 3 kila mwaka, na kwa mwendo huo tunakuwa maradufu katika miaka kama 22. Treni ikisimama kesho, bado vyumba vyetu wenyewe vitaujaza mji. Mama wa Kongo huzaa watoto 6 hivi kwa wastani, na karibu nusu ya Wakongomani hawajafikisha miaka 15. Mshahara mmoja ukigawanywa kwa sahani zote hizo, ya kununua cherehani au ya kumlipia kijana ufundi itatoka wapi? Ninyi mliooa juzi, kupishanisha watoto si dhambi. Zungumzeni na wake zenu, tena muanze kwa kuwasikiliza.

Msitegemee shaba peke yake. Siku hizi Kongo ni ya pili duniani kwa kuitoa, malori yamepanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lakini shimo kubwa huchimbwa na mashine kubwa na watu wachache. Na makala, makaa yetu ya kupikia! Zamani yalitoka hapa karibu. Leo baiskeli zinazidi kuyafuata mbali, na miti ya miombo inakatwa kabla haijakomaa.

Mwaka 1984 nilikuwa mmoja wa waliopita na karatasi za sensa. Tulikuwa kama milioni 30. Hatujahesabiwa tena tangu siku hiyo. Inakisiwa tu kwamba tumepita milioni 100. Shule za msingi za serikali zilipofanywa bure 2019, jambo zuri sana, benchi la watoto 3 lilikaliwa na 6.

Basi nunueni kaye moja, daftari la kuandikia, mpite nyumba kwa nyumba. Kabila msiulize. Ulizeni wako wangapi, wangapi hawajaanza shule, nani anajua ufundi gani na nani yuko tayari kumfundisha mtoto wa jirani, maji wanateka wapi, gunia la makala linakaa siku ngapi. Mkimaliza, mpelekeeni shefu wa mtaa nakala. Akienda kuomba robine nyingine, bomba la maji, asiende na malalamiko matupu.

Anzeni kwangu, Jumamosi kabla jua halijakuwa kali. Tuko 11. Wanne hawajaanza shule. Mkwe wangu anashona, kwao ni Mwene-Ditu, huko Kasai, na ana nafasi ya wanafunzi wawili. Gunia letu linakaa majuma 3, kwa ile mbabula ya Likasi. Kalamu mje nayo, yangu imekauka.

Mzee wenu