Mforosadi upogolewe, usikatwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niutetee mforosadi, mti ambao katika mitaa yetu ya Arusha hupandwa kwa furaha na kukatwa kwa hasira. Mwezi uliopita jirani yangu aliuangusha wa kwake kwa sababu forosadi zilizoiva zilidondoka kila asubuhi kwenye sakafu ya saruji mlangoni, zikaacha madoa ya zambarau yasiyotoka hata kwa sabuni. Simlaumu. Aliyemuuzia mche hakumwambia kwamba mti huo, ukiachwa ujikulie, huweza kupita mita 10 na kusambaza mizizi hadi kwenye kuta.

Wangu niliuotesha kwa kipande cha tawi lililokomaa, chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 25 hivi, nikakichomeka ardhini mwanzoni mwa masika, theluthi mbili zikiwa chini ya udongo na macho, yaani sehemu za kuchipulia, yakitazama juu. Uko hatua kumi kutoka ukutani, nao hauniombi zaidi ya samadi mara moja kwa mwaka na maji wakati wa kiangazi kikali.

Kazi yenyewe ni kupogoa. Wengi huogopa kwamba wakikata matawi watakosa matunda, kumbe mforosadi huzaa kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila mavuno yakiisha mimi huupunguza hadi kimo ninachokifikia kwa mkono. Hukata matawi yangali membamba, kwa kuwa jeraha la tawi nene hutoa utomvu mweupe na huchelewa kupona. Majani, ambayo ndiyo chakula cha viwavi wa hariri, huwapa mbuzi na sungura wangu, nao hawabakishi hata vikonyo. Mti ukiwa mfupi, wajukuu hutandika shuka kuukuu chini yake na kutikisa tawi; forosadi iliyoiva huanguka yenyewe, inayong'ang'ania bado haijaiva. Tunda hili halivumilii siku mbili, hivyo lisiloliwa siku hiyo hupikwa jamu.

Nawasihi wauza miche wamweleze mnunuzi mambo haya kabla ya kupokea fedha yake. Kisiki cha jirani kimeshaanza kuchipua, nami nimemwomba asikichome moto, bali aache machipukizi matatu yaliyo upande usioelekea mlangoni, nikamwahidi kwamba mwakani nitakuja na mkasi wangu tuyapogoe pamoja.

Msomaji wako,
Arusha