Risala ya Kikundi cha Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Nyasi za Vetiva, Bonde la Msimbazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako,
Viongozi wa dini,
Wakazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kushuka mpaka huku bondeni. Wageni wengi huishia barabarani.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, na waathirika wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sisi tuliobaki hatuhitaji kufundishwa maji yanapita wapi. Vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa, walipoanza mwaka 2015 kuchora mitaro kwa simu, mwenyeji ndiye aliyewaonyesha mtaro uliofukiwa chini ya fremu ya duka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mbele yako ni mtaro wa nyasi. Hauna zege. Maji ya barabarani yakiingia, nyasi huyapunguza kasi, mchanga unatua na maji yananywea ardhini. Kingo zinashikwa na vetiva, ambayo mizizi yake huweza kuteremka mita tatu. Majirani walihofia mbu. Tukawaeleza kwamba kiluwiluwi huhitaji takriban wiki nzima kuwa mbu, na mtaro ulio sawa hukauka ndani ya siku mbili. Maji yakikaa zaidi ya hapo, ujue kuna kasoro.

Kasoro tunazijua kwa majina. Bodaboda wakiegesha juu ya nyasi, udongo unashindiliwa na maji hayanywei tena. Mama lishe wakimwaga maji yenye mafuta, yale yale. Lakini adui mkubwa ni pampasi. Chupa hazitusumbui sana, waokota makopo wanaziwahi alfajiri. Pampasi haina mnunuzi, inavimba pale pale mdomoni mwa mtaro.

Kuzibua tunazibua wenyewe, kwa sepetu na reki zetu. Tatizo ni tope. Tukilitoa tunalirundika ukingoni kwa kukosa gari la kulizoa, na mvua ya kwanza inalirudisha ndani. Kwa kweli hapo ndipo watu huvunjika moyo, si kwenye kuchimba.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni gari la kuzoa tope, lipite kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa tarehe tunayoijua mapema ili lisikute mtaro haujazibuliwa. Tunaomba pia mabuti na glavu, kwani tope hili lina vioo na maji ya vyoo.

Na mtaro mwingine kama huu ukibuniwa, tuitwe mchoro ukiwa bado karatasini. Huu tuliitwa siku ya uzinduzi, na mdomo wake ulikuwa umewekwa juu kuliko barabara, tukaushusha wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miche iko tayari pale kwenye viroba, na jembe lako tumelitia mpini mpya.

Tunaomba kuwasilisha.