Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Mnunuzi wa masega ya wizi naye afungwe

Mheshimiwa Waziri,

YAH: ADHABU YA WIZI WA VIPURI VYA MAGARI

Sisi ni mafundi umeme na mafundi egzosi wa magari hapa Unga Limited, Arusha. Tunaomba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iweke kifungu mahususi cha wizi wa vipuri. Mwizi wa ng'ombe ana kifungu chake, cha 268. Aliyekata masega ya gari, yaani kifaa cha kusafisha moshi kilichopo kwenye bomba la egzosi, hushtakiwa kwa wizi wa kawaida, kifungu cha 265, na kesi ikiishia mahakama ya mwanzo, uwezo wa kawaida wa hakimu hauzidi kifungo cha miezi 12.

Wizi huu usipimwe kwa bei ya kifaa tu. Masega hukatwa kwa grenda kwa dakika chache, kwa ajili ya madini ya thamani yaliyomo ndani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Bomba linabaki wazi chini ya sakafu, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, inaweza kupenya hadi kwa abiria. Sensa ya oksijeni ya mbele, inayopima hewa iliyomo kwenye moshi, ikiondoka nayo, injini hula petroli kupita kiasi. Taa za nyuma zikichomolewa, dereva wa lori anayekuja nyuma usiku, barabara ya Moshi, haoni kwamba umekanyaga breki. Huo ni uhai wa watu.

Anayeulisha wizi huu ni mnunuzi. Magari mengi yenye imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka, hayawaki kwa kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya gari jingine mpaka fundi mwenye mashine aipange upya na ufunguo. Maana yake, kontroli boksi ya wizi ya magari hayo hairudi barabarani bila kupita mikononi mwa fundi. Tunalisema hili tukijua linawagusa wenzetu.

Kwa hiyo, pamoja na kifungu cha 311 kinachomhusu mpokeaji wa mali ya wizi, kila duka la spea zilizotumika, karakana na mnunuzi wa vyuma chakavu alazimike kuwa na daftari: jina la muuzaji, namba ya NIDA, namba ya chesisi ya gari kilikotoka kifaa. Akikutwa na masega yaliyokatwa bila kumbukumbu hiyo, afungwe na leseni ifutwe. Waagizaji wa nusu-gari (magari yaliyokatwa ili kuuzwa kama spea) kutoka Japani hawataumia, nyaraka za forodha wanazo.

Kesi nyingine hufa kwa kukosa utambulisho. Wenye magari huchora namba kwenye kioo cha saitimira, na kioo hubadilishwa mara moja. Kanuni ielekeze namba ichorwe ndani ya plastiki ya saitimira, mgongoni mwa taa karibu na soketi, na kwenye ganda la masega, pande zote mbili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mafundi wa magari, Unga Limited, Arusha