Mhariri, msiwaambie watu waache kodineti

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu ya zile apu zinazompa mtu maneno matatu badala ya kodineti, yaani zile namba za latitudo na longitudo, akitaka kueleza yuko wapi. Imeandikwa vizuri na naelewa kwa nini watu wanaupenda huo mfumo, lakini ule ushauri wa mwishoni kwamba anayeenda porini au mlimani aachane na namba kwa sababu namba ni za wataalamu, huo siwezi kuupitisha kimya. Kuna mtu atausoma na ataufuata, alafu siku amevunjika mguu kwenye korongo ndo atajua tofauti, na muda huo hamna wa kumfundisha.

Nianze na pale ninapokubaliana na nyie. Mfumo unaojulikana zaidi ni what3words, kampuni ya London iliyoanza 2013. Wameikata dunia nzima, nchi kavu na bahari, vipande vya mita 3 kwa mita 3, vipo kama trilioni 57, na kila kipande kimepewa maneno yake matatu. Kwa Kiingereza wanatumia orodha ya maneno kama 40,000, na ukiyapanga matatu matatu unapata michanganyiko trilioni 64 kwahiyo yanatosha na yanabaki. Posta ya Mongolia iliuchukua mfumo huu mwaka 2016 na kwa nchi yenye watu wengi wanaohamahama na nyumba nyingi zisizo na anwani, naona ni uamuzi wenye akili. Mzigo ukipotea, dereva atapiga simu ataelekezwa upya. Sina ugomvi na hilo hata kidogo.

Mlimani ni habari nyingine. Huko mtu anapiga simu mara moja, betri inaisha au netiweki inakata, na alichokisema kwenye hiyo simu moja ndo kitu pekee walichonacho waokoaji usiku mzima.

Sasa tuangalie namba yenyewe maana watu wanaiogopa bila sababu. Chukua kilele cha Everest, kipo latitudo 27.9881 kaskazini na longitudo 86.9250 mashariki. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Kwahiyo tarakimu ya kwanza baada ya nukta inabeba kilomita 11, ya pili kilomita 1.1, ya tatu mita 111, ya nne mita 11. Inaanza na kubwa inashuka kwenda ndogo, kama unavyomwelekeza mtu kwa mkoa, wilaya, kijiji, alafu nyumba. Faida yake ni kwamba ikikatika mwishoni haijafa. Simu ikikata umesema mpaka tarakimu ya tatu tu, bado nakujua uko ndani ya mita mia moja na kitu, nafika pale napiga filimbi, namulika tochi, nakupata. Na ukikosea tarakimu ya mwisho kabisa, hiyo ya nne, umenipoteza kati ya mita kumi na mia hivi, sio nchi.

Maneno matatu hayako hivo. Ukinipa mawili likakatika la tatu, sina kitu, kabisa. Kipande cha jirani, hapo hapo mita tatu kutoka ulipo, kina maneno matatu mengine ambayo hayana uhusiano wowote na ya kwako, wameyachanganya makusudi. Watu wawili wa kundi moja wamepotezana, kila mmoja akituma maneno yake, hakuna binadamu anayeweza kuyasoma akasema wako karibu au wako mbali, nani yuko juu nani yuko chini, bila kuyaingiza kwenye apu. Kwa kodineti unaangalia tu kwa macho. Mtu akituma namba saa kumi alafu akatuma nyingine saa kumi na nusu, naona kabisa latitudo ya kaskazini inapungua, jamaa anaelekea kusini, anashuka upande usiofaa, na naweza kumwambia asimame.

Wenye mfumo wanajibu kwamba kuchanganya makusudi ndo usalama wenyewe, kwamba ukikosea neno moja utaangukia nchi nyingine na kosa litaonekana wazi. Nimeifikiria sana hoja hii kwa sababu sio ya kijinga. Lakini angalia yaliyotokea Uingereza, nchi ambayo kuanzia 2019 polisi na zimamoto wengi waliwahimiza wananchi kuiweka hiyo apu kwenye simu. Mwaka 2021 BBC waliripoti kuwa waokoaji wa milimani wa England na Wales walikuwa na orodha ya maeneo 45 waliyopewa kimakosa ndani ya miezi 12, mengine yakiwa Vietnam na China. Ndiyo, kosa lilionekana. Kila mtu anajua aliyeumia hayuko Vietnam. Ila kujua hayuko Vietnam hakukuambii yuko bonde gani, unarudi sifuri na mtu anaendelea kupigwa na baridi. Na mwaka huo huo mtafiti wa usalama wa kompyuta, Andrew Tierney, alionyesha kwamba kuna jozi za maneno yanayofanana, hasa umoja na wingi kwa Kiingereza, ambazo vipande vyake viko karibu karibu kiasi kwamba kosa linaonekana ni kweli. Hilo ndo baya zaidi, maana timu inatoka inaenda inatafuta mahali ambapo hamna mtu.

Alafu fikiria lugha. Kila lugha ina orodha yake na sio tafsiri ya ile ya Kiingereza, kipande kile kile kina maneno mengine kabisa ukibadilisha lugha kwenye apu. Milimani watu wanatoka kila mahali, aliyeumia ana lugha yake, anayepokea simu ana yake, na upepo unapiga kwenye maikrofoni. Hata sisi wenyewe kwa wenyewe tunajuana, kuna wanaobadilishana l na r, kuna anayemeza silabi ya kwanza akiwa anahema. Tarakimu ziko kumi tu. Mtu anayetetemeka anaweza kuzisoma moja moja, na anayepokea anaweza kuzirudia moja moja, hata kama kila mmoja anajua Kiingereza cha kuombea maji.

Kuna na hili suala la mita tatu ambalo makala yenu imelisifia sana. Simu ya kawaida chini ya anga wazi inakosea kama mita tano hivi. Ukiingia chini ya miti mizito au katikati ya kuta za miamba inazidi, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanagonga mwamba kwanza ndo yanafika kwenye simu. Kwahiyo kipande ni kidogo kuliko kosa la simu yenyewe. Matokeo yake umekaa pale pale kwenye jiwe hujasogea na maneno yanabadilika kwenye skrini, na yakibadilika yanabadilika yote. Wewe umesoma haya, mwenzako dakika mbili baadaye kasoma yale, kule kituoni wanaandika matukio mawili. Kodineti nayo inacheza, lakini inacheza tarakimu za mwisho tu na anayezipokea anaelewa ni mtu mmoja.

Kwa haki niseme na ubovu wa kodineti, upo na ni mkubwa. Zinaandikwa kwa namna tatu. Ile 27.9881 ya Everest ni sawasawa na digrii 27 dakika 59.286, na pia ni sawa na digrii 27 dakika 59 sekunde 17. Mtu akiwa na ile ya pili, akaisoma haraka haraka kama 27.59286, amekuhamisha kilomita 44 kwenda kusini. Kosa hilo linatokea na limewasumbua waokoaji muda mrefu kabla ya hizi apu. Lakini dawa yake ni sentensi moja: kabla ya namba taja ni digrii zenye nukta au ni digrii na dakika. Na useme kaskazini au kusini, mashariki au magharibi, usitegemee ile alama ya kutoa mbele ya namba maana hiyo kwenye redio inamezwa. Soma tarakimu moja moja, "mbili, saba, nukta, tisa, nane, nane, moja", usiseme "ishirini na saba", nyamaza, msubiri arudie, alafu ndo uende kwenye longitudo. Ukiweza kutuma meseji ya kawaida tuma, meseji hupita hata pale ambapo simu ya sauti inakatakata.

Na hizo namba mtu anazo tayari bila kuongeza apu yoyote. Simu za iPhone zinazionyesha kwenye dira chini kabisa, kwenye Google Maps unabonyeza ulipo bila kuachia zinatokea. GPS inapokea tu mawimbi ya setilaiti, haihitaji bando wala netiweki. Ni kweli na apu ya maneno inaweza kukupa maneno ukiwa huna netiweki, nisiwaonee, lakini anayeyapokea lazima naye awe na mfumo wao. Kodineti naziweka kwenye kifaa chochote cha zamani, kwenye redio ya meli, kwenye helikopta, kwenye karatasi. Ramani nyingi za 1:50,000 zina gridi ya kila kilomita moja, sentimita mbili kwenye karatasi, na mtu mwenye rula na penseli anaweza kuweka alama ulipo hata kompyuta zote zikizimwa. Maneno matatu huwezi kuyapima kwa rula.

Kingine ambacho makala haikukigusa ni mwenye mali. Latitudo na longitudo hazina mwenyewe. Huu mfumo wa maneno ni wa kampuni, namna ya kugeuza maneno kuwa mahali ni mali yao, na mwaka 2021 mawakili wa kampuni walimwandikia mtafiti mmoja aliyejitolea kuwagawia wenzake programu huria inayofanya kazi ile ile. Mimi sisemi kampuni isile kwa jasho lake. Nasema tu kitu cha kumtoa mtu korongoni kisitegemee leseni. Kama namba ndefu ndo zinawakera watu, zipo Plus Codes za Google ambazo ziko wazi kwa kila mtu, zina herufi na tarakimu 20 tu walizochagua bila irabu ili zisijitengeneze maneno, na msimbo wenye alama 10 unakupa eneo la kama mita 14 kwa 14. Tena zenyewe zinapanga majirani kwa majirani.

Siku hizi hata hatufiki huko kote mara nyingi. Ulaya ukipiga 112, namba ya dharura, simu za kisasa zinatuma mahali zenyewe kimya kimya, na waokoaji wa milimani Uingereza wanaweza kukutumia meseji yenye linki, ukiigusa wanaona ulipo bila wewe kusoma chochote. Kinachotumwa ndani ya njia zote hizo ni latitudo na longitudo.

Kwahiyo ombi langu kwenu ni dogo. Toleo lijalo mtoe kisanduku kifupi kinachoonyesha pa kuzikuta kodineti kwenye simu na namna ya kuzisoma kwa sauti. Na kila mnapochapisha njia ya kupanda mlima, wekeni kodineti za mahali pa kuanzia, pa kupata maji na pa kutokea dharura, kwa digrii zenye nukta, tarakimu nne baada ya nukta zinatosha, na mwandike kabisa kuwa ni WGS84, kipimo kinachotumiwa na GPS, ili mwenye ramani ya zamani ajue namba zake zinaweza kupishana na zenu. Anayependa maneno matatu mumuwekee pembeni, baada ya namba.

Msomaji wenu, mpanda milima