Barua ya wazi kwa Meya wa Charleston: Nyumba ya Aiken-Rhett mmeitunza, na watu wa Eastside je?

Mheshimiwa Meya, salaam. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nataka na wenzangu wa pwani waisome, hasa sisi tuliozaliwa Zanzibar tukaja kuishi huku South Carolina, nakala ya Kiingereza nitaileta ofisini kwako.

Wageni wangu wote nawapeleka ile nyumba ya Aiken-Rhett, sasa makumbusho, Elizabeth Street namba 48. Ilijengwa 1820, baadae ikawa ya kina Aiken, na William Aiken mtoto ndo akaja kuwa gavana wa jimbo 1844 mpaka 1846, tajiri wa mpunga, shamba lake la Jehossee peke yake lilikuwa na watumwa karibu 700. Wanaoitunza walifanya jambo la maana sana, hawakuirembaremba, plasta inabanduka na karatasi za ukutani zinaning'inia, ilivyokutwa ndo ilivyoachwa. Halafu unatoka uani. Jiko liko chini, chumba cha kufulia kando yake, na ghorofani juu ya jiko ndo walikolala watumwa, vyumba vidogo vidogo na kuta bado zina mabaki ya rangi ya zamani. Mtu wa Unguja huwezi kupita pale ukabaki kama ulivyoingia, tena baadhi ya meli zilizoshusha watu hapa kabla biashara ya kuingiza watumwa haijapigwa marufuku 1808 zilitoka Msumbiji, yaani upande wetu kabisa.

Dakika chache kwa miguu kuna kanisa la weusi la Mother Emanuel walipouawa watu 9 Juni 17, 2015. Ukielekea kaskazini ndo Eastside yenyewe, mtaa ambao weusi wameishi vizazi na vizazi, wengi wao mafundi wa chuma, wa mbao, wa matofali, mikono ileile iliyoujenga mji huu mnaouonyesha watalii.

Sasa Mheshimiwa, hawa watu wanaisha. Kila nikipita naona nyumba nyingine imeuzwa, kibarazani hakuna mtu, kuna masanduku ya wageni wa siku mbili tatu. Jirani yangu, bibi mtu mzima, nyumba yake ni ya mirathi, hati bado ina jina la babu yake aliyekufa zamani, kwa hiyo benki haimpi mkopo wa ukarabati, na kwa kuwa mtaa ni wa kihistoria akitaka kubadilisha dirisha anaambiwa liwe la mbao kama lile la zamani, bei yake we acha tu, mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, maji yanaingia mpaka barazani, bima nayo inapanda, na kila wiki anapata barua ya mtu anayetaka kununua kwa keshi. Atakataa mpaka lini?

Charleston ndo mji wa kwanza Marekani kuweka sheria ya eneo la kihistoria, 1931. Karibu miaka 100 mmejifunza kulinda madirisha na mageti ya chuma, na mmefanya vizuri, lakini sheria ile haijui aliyeko ndani. Mwaka 2018 halmashauri ikaomba radhi rasmi kwa ajili ya utumwa, kura 7 kwa 5. Radhi ile naiheshimu, ila mimi naona kazi yake ilitakiwa ianzie hapa Eastside.

Ombi langu ni moja: tengeni fungu la kudumu kutoka kwenye hela ya utalii, liwalipie familia za zamani mawakili wa kunyoosha hati za mirathi, na liwafidie ile gharama ya ziada mnayowalazimisha mnaposema tumia mbao, tumia chokaa, tumia bati la aina fulani. Kama mji unataka nyumba ibaki ya kihistoria basi mji uchangie. Na lianze kwa wazee, kabla bajeti ijayo haijapitishwa, maana jirani yangu hana miaka mitano ya kusubiri kamati.

Nipo tayari kuja kikaoni siku yoyote mtakayopanga.

Mkazi wa Eastside, Charleston