Makisio ya mauzo yatengwe na matamanio ya mkurugenzi

Mhariri,

Kila mwaka unapokaribia kwisha, kampuni na maduka ya jumla hapa Mombasa huketi kupanga bajeti, na katika vikao hivyo hutendeka jambo ambalo mimi, kama mtu ninayekula kwa kuhesabu mali ya stoo, naliona likituumiza mno. Karani huleta makisio ya mauzo aliyoyatoa katika rekodi za miaka iliyopita. Mkurugenzi huyatazama, huyaona madogo, huyaongeza ili wauzaji wajitume, kisha tarakimu hiyo hiyo iliyotiwa chumvi hukabidhiwa afisa wa ununuzi aagizie bidhaa.

Tarakimu ya kuwahimiza wauzaji ina kazi yake, nami siipingi. Lakini anayeagiza kontena la mchele au la vitambaa anahitaji kujua kinachoelekea kuuzwa, pamoja na kiwango cha chini na cha juu anachoweza kukitarajia. Shehena ya kutoka China hukaa baharini wiki kadhaa, na kabla ya hapo kiwanda nacho kinadai muda wake, kwa hiyo kosa la mezani hujulikana bidhaa zikiwa zimeshafika Kilindini, ambako kontena likipitisha siku zake za bure huanza kutozwa ada. Mwenye mali hulazimika kulitoa kwa mkopo, kisha auze kwa bei ya kutupa.

Kosa la pili ni la kalenda, na hili sisi wa Pwani hatuna udhuru nalo. Ofisi nyingi hukisia mauzo ya mwezi kwa kutazama mwezi huo huo wa mwaka uliotangulia, ilhali mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko huu wa ofisini. Mwaka 2024 Idi ya kumaliza Ramadhani iliangukia tarehe 10 Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi. Muuza nguo wa Biashara Street aliyepima Aprili kwa Aprili angedhani biashara imemporomokea, na aliyepima Machi kwa Machi angeona neema na kukimbilia kuongeza mzigo, kumbe ni wateja wale wale waliokuja kununua kanzu na madira mapema zaidi. Rekodi za maduka ya aina hii zinafaa zipangwe kwa wiki zinazohesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya Idi. Pasaka nayo huhama kati ya Machi na Aprili, na wenye mahoteli hawana haja ya kukumbushwa.

Wapo watakaosema kwamba haya yanataka programu za bei ghali. Si kweli. Njia ya kukisia ambayo mtaalamu Charles Holt aliiandikia mwaka 1957, na ambayo mwenzake Peter Winters aliifafanua kwa upande wa misimu mwaka 1960, msingi wake unafanyika kwa kalamu: tazama makisio yaliyopita yalikosea kwa kiasi gani, kisha usogeze makisio mapya kwa sehemu ya kosa hilo. Ukikisia mifuko 100 ya unga na ikauzwa 120, nawe umeamua kufuata asilimia 30 ya kosa, makisio ya wiki inayofuata ni mifuko 106. Mwaka 1982 mtafiti wa makisio Spyros Makridakis na wenzake walichapisha matokeo ya kupambanisha mbinu mbalimbali za kukisia kwa mifululizo 1,001 ya takwimu, na zile ngumu hazikuthibitika kuwa lazima zizishinde nyepesi. Katika shindano kama hilo la mwaka 2020, lililotumia takwimu za maduka makubwa ya Walmart ya Marekani, mbinu za kompyuta zinazojifunza zenyewe ndizo zilizoongoza; lakini hapo palikuwa na rekodi za kila siku za bidhaa zaidi ya 3,000, na ofisi zetu nyingi hata rekodi ya mwaka mmoja iliyo kamili hazina.

Upungufu unaonisikitisha zaidi ni kwamba makisio hayahifadhiwi. Mwezi ukiisha, tarakimu ya zamani hufutwa katika jedwali na mpya huandikwa juu yake, hivyo hakuna awezaye kujua ofisi ilikosea wapi wala kwa kiasi gani. Safu tatu zingetosha: tulichokisia, kilichouzwa, na tofauti yake. Tofauti ikiegemea upande mmoja mwezi baada ya mwezi, kuna mkono unaoisukuma tarakimu, na bodi ina haki ya kuuliza ni wa nani. Ni kweli kwamba hakuna hesabu ambayo ingebashiri kusimamishwa kwa ndege za abiria za kimataifa mwezi Machi 2020, lakini mauzo ya miezi ile yanapaswa kuwekewa alama ili yasiharibu makisio ya baadaye.

Naziomba bodi za kampuni zetu zisipitishe bajeti yoyote kabla ya kuwekewa mezani makisio ya mwaka uliopita kando ya mauzo halisi. Wenye mahoteli nao waanze mapema kuutazama mwaka 2030, ambao Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili: mwanzoni mwa Januari, na tena mwishoni mwa Desemba, katikati ya msimu wa wageni.

Mhasibu wa stoo,
Majengo, Mombasa.