Usituletee Treni ya Dukani Tuipake Rangi ya TAZARA

"Treni ninayo tayari, wewe nipakie rangi tu." Maneno haya tunayasikia sana hapa karakana kwetu Mbeya, tunakotengeneza treni ndogo za mfano, na mwezi uliopita yametuletea ugomvi. Kaka mmoja alikuja na treni ndogo ya umeme aliyoinunua dukani Dar es Salaam: kichwa, mabehewa matatu na reli zake za kuzunguka. Alitaka iwe TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia. Tulimweleza kwamba rangi peke yake haitaifanya kuwa TAZARA, na kwamba kichwa kipya ni shilingi 450,000. Akaondoka amekasirika, kisha akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba tunatoza bei ya kichwa kizima kwa kazi ya brashi. Maneno yamesambaa, na wateja wengine wameanza kutuuliza. Hili ndilo jibu letu.

Tatizo ni upana wa reli. TAZARA ni milimita 1,067 kutoka chuma hadi chuma. Treni nyingi za dukani zimetengenezwa kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 utapata 1,435, na huo ni upana wa SGR, ile ya umeme inayokwenda Morogoro na Dodoma. Ukiipaka rangi za TAZARA, bado magurudumu yametanuka na mwili umekaa chini. Usipime, tazama tu kwa mbele. Dereva mmoja mstaafu wa TAZARA alipita hapa akaona treni ya namna hiyo ambayo mteja mwingine alikuwa ameiacha mezani. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku ameshainama. "Marahaba, kijana wangu. Hii inapita njia gani? Mbona miguu imetanuka hivi?" Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote kuhusu milimita.

Halafu hesabu ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Vichwa vya dizeli aina ya U30C ambavyo TAZARA ilianza kuvitumia miaka ya 1980 vina ekseli sita, tatu mbele na tatu nyuma. Cha dukani mara nyingi kina nne. Brashi gani itaongeza ekseli mbili?

Dawa ipo, na hatukuibuni sisi. New Zealand na Queensland nao wana reli za milimita 1,067, na wapenzi wa treni ndogo wa huko wamelipatia ufumbuzi siku nyingi: wanaiacha reli ya 16.5 ilivyo, lakini kila kinachopita juu yake wanakijenga kwa 1:64. Gawa 1,067 kwa 64 unapata 16.7. Hakuna jicho la kuona tofauti ya milimita 0.2. Kwa hiyo reli ulizonunua hazijapotea, na adapta pia inafaa. Tunazitumia, na thamani yake tunaikata kwenye bei. Yule kaka tulimwambia hivyo hivyo, na akirudi kesho ataambiwa vilevile. Kisichofaa ni mabehewa. Behewa la mita 20 kwa 1:64 lina urefu wa sentimita 31, na kwa 1:87 ni 23. Ukiyafunga pamoja, moja linaonekana kama limezaliwa na jingine.

Sasa hiyo 450,000 inaenda wapi? Chukua vishikio tu, vile vya kando ya kichwa ambavyo dereva anavikamata akipanda ngazi. Ni waya wa milimita 0.5. Kila kimoja kinakatwa na kupindwa kwa koleo kwa kufuata kigezo ili vyote vilingane, tundu lake linatobolewa kwa drili ya mkono maana ya umeme inapasua bati, kisha kinachomelewa kwa risasi na kusafishwa kwa msasa laini. Kimoja kikikaa upande, mwanga wa dirishani unakionyesha, na sisi tunakitoa tunaanza upya. Bado madirisha, bogi zinazoshika magurudumu, mota, rangi tabaka kwa tabaka na maandishi. Mtu anayesema ni kazi ya brashi hajawahi kukaa hapa asubuhi moja akatazama.

Wanaokataa bei hii huwa wanakimbilia kwa mafundi wa kupuliza rangi za magari. Dada mmoja wa Iringa alifanya hivyo kwa zawadi ya baba yake. Thina ya rangi ya gari ikala plastiki, kichwa kikaota malengelenge, madirisha yakayeyuka pembeni. Alipotuletea hapakuwa na cha kuokoa zaidi ya mota. Akalipa treni ya dukani, akalipa fundi wa rangi, akatulipa na sisi.

Kosa jingine linalogharimu ni la mwaka. TAZARA ilianza kujengwa 1970, reli zikakamilika 1975, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi. Vichwa vya mwanzo vilitoka China, vya dizeli na haidroliki. Sasa mtu anataka sherehe ya 1976, watu wamesimama stesheni na bendera, halafu anaagiza U30C kwa sababu ndiyo aliyoiona utotoni. Tunamkatalia kwanza, tunamweleza, kisha anachagua mwenyewe: abadilishe kichwa au abadilishe mwaka. Kuna mafundi watakutengenezea chochote ilimradi umelipa. Kwetu kazi ikitoka inatoka na jina letu.

Kila mpenzi wa treni ndogo ana reli yake ya kwanza na ya pili. Huko Marekani utasikia Pennsylvania, Santa Fe au Union Pacific, na viwanda vinawatengenezea karibu kila kitu. Kwa wateja wetu wa nyanda hizi ya kwanza ni TAZARA, wala hakuna ubishi: inapita Makambako, inapanda hadi Uyole penye kilele cha njia nzima, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari, ndipo inashuka mjini na kuelekea Tunduma. Ya pili ni Reli ya Kati. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, nayo upana wake ni mita moja. Usifikiri ni TAZARA iliyobanwa kidogo. Mataruma ya TAZARA, yale yanayolazwa chini ya reli, ni ya zege, na hapa Mbeya tunayajua kwa sababu ya machimbo ya Kongolo, kunakotoka mataruma yenyewe na kokoto. Reli ya Kati imezoeleka kwa mataruma ya chuma. Mteja akitaka tutumie kalibu moja ya mataruma kwa zote mbili ili kupunguza bei, tunakataa.

Mfanyabiashara mmoja wa Mwanjelwa, mzaliwa wa Kigoma, alitaka kichwa cha mvuke aina ya Garratt cha kundi la 59 (Class 59) la shirika la reli la Afrika Mashariki. Nilimwambia wazi kwamba vichwa hivyo, 34 vilivyotengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, vilijulikana zaidi njia ya Mombasa na Nairobi kuliko ya Kigoma. Akasema hajali, kwa sababu vilipewa majina ya milima na kimoja kiliitwa Mount Rungwe, mlima wa huku kwetu. Hapo hata mimi nilinyamaza. Garratt ni bei kubwa kuliko yote tunayotoza: bwela, yaani tangi la kuchemshia maji, linaning'inia katikati ya injini mbili, na kila injini inageuka peke yake kwenye kona. Ni kama kutengeneza vichwa viwili.

Mwenye mapenzi na reli zote mbili tunamshauri 1:87 kwenye reli ya milimita 12. Kwa kipimo hicho TAZARA inatoka 12.3 na Reli ya Kati 11.5, kwa hiyo reli moja inazibeba zote. Reli ya 12 tunaitandika wenyewe, taruma kwa taruma, ndiyo maana ni ghali kuliko ya dukani. Ukiwa na nafasi jenga Kidatu, ambako reli ya mita moja kutoka Kilosa inakutana na TAZARA, pa kuhamishia mzigo kutoka behewa hadi behewa. Mimi ndiyo kazi ningeipenda kuliko zote.

Nafasi ndiyo inayowaponza wengi. Mwenye gesti mmoja wa Makambako alitaka kipande cha TAZARA cha kutoka Mlimba, chenye mahandaki na daraja la Mpanga, kwenye meza ya mapokezi. Nguzo za Mpanga zina urefu wa kama mita 50, na kwa 1:64 hizo ni sentimita 78, juu kuliko meza yenyewe. Kona ya nusukipenyo cha mita 200, kwa kipimo hicho hicho, inahitaji zaidi ya mita 3. Mlima wa asilimia 2 unapanda sentimita 2 kwa kila mita, hivyo ili treni ivuke juu ya njia yake yenyewe unahitaji kama mita 4.5 za kupanda na nyingine kama hizo za kushuka. Tulimjengea kwa 1:120 kwenye reli ya milimita 9, ambayo kwa TAZARA inakaa sawasawa, na daraja tukalishusha chini ya usawa wa meza.

Meza usitengeneze kwa paini mbichi iliyotoka Sao Hill jana. Ikikauka inajipinda, reli zinafuata, na treni inaanguka palepale kila mzunguko. Halafu simu inakuja kwetu kwamba kichwa ni kibovu.

Ukija kuagiza, njoo na vipimo vya chumba, mwaka unaoutaka na picha kama unayo. Kianzio ni nusu, na risiti utapewa. Kazi ya rangi peke yake tunaipokea kwa treni tulizotengeneza sisi tu. Za TAZARA zina foleni ndefu kwa sasa. Anayetaka Reli ya Kati atapata mapema.